Lowndes, Alabama: kaunti ya vijijini iliyokuwa na seneta wake peke yake huku wakazi wake wengi hawaruhusiwi kupiga kura (uzi mrefu)

Kibaraza64 (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za humu. Kila ukifika msimu wa kugawa majimbo humu ndani panawaka moto, wa kijijini anasema anapunjwa na wa mjini anasema anapunjwa, halafu lazima atokee mtu aseme Marekani walishamaliza hayo mambo zamani. Nimefuatilia kwa muda habari za kaunti moja ya kule Alabama inaitwa Lowndes, ni shamba tupu, pamba na ng'ombe, iko kati ya Selma na Montgomery, na kwangu mimi ukiielewa Lowndes umeelewa uwakilishi ni nini. Kwenye makaratasi wale watu walikuwa na uwakilishi kuliko karibu mtu yeyote Alabama. Kwenye maisha hawakuwa nao hata chembe.

Sensa ya 1960 ilihesabu watu 15,417 Lowndes. Kaunti ya Jefferson, kwenye mji wa Birmingham na viwanda vyake vya chuma, walikuwa 634,864. Kila moja ya kaunti hizo mbili ilipeleka seneta mmoja kwenye seneti ya Alabama. Piga hesabu mwenyewe, kura ya Lowndes ilikuwa na uzito mara 41 ya kura ya Birmingham. Na kwenye baraza la wawakilishi ni yaleyale, Bullock watu 13,462 wana wabunge wawili, Mobile watu 314,301 wana watatu. Robo tu ya watu wa Alabama ilitosha kuchagua zaidi ya nusu ya maseneta.

Chanzo chake ni katiba ya Alabama ya 1901. Yule aliyeongoza mkutano wa kuiandika, John B. Knox, alisema wazi kwenye hotuba ya ufunguzi kwamba lengo ni kuweka utawala wa wazungu kwa kadiri katiba ya Marekani itakavyoruhusu. Wakaweka kodi ya kura ya dola 1.50 kwa mwaka na inalimbikizwa, usipolipa mwaka huu mwakani deni linakusubiri, wakaweka mtihani wa kusoma, wakaweka sharti la mali. Wapiga kura weusi Alabama walikuwa zaidi ya 180,000, miaka miwili baadae hawafiki 3,000. Katiba hiyohiyo iliagiza viti vigawanywe upya kila baada ya miaka 10 kufuata sensa, na bunge likakaa miaka 60 bila kugawa, kwa sababu wanaotakiwa kupiga kura ya kugawa ndio walewale watakaopoteza viti.

Sasa sikilizeni hapa ndio pananiumiza. Lowndes watu wanne kati ya watano ni weusi. Mwanzoni mwa 1965 weusi wenye umri wa kupiga kura walikuwa zaidi ya 5,000, na aliyekuwemo kwenye daftari HAKUNA hata mmoja. Wazungu walioandikishwa walikuwa asilimia 118 ya wazungu wenye umri huo, yaani waliohama na waliokufa bado wamo. Kwaiyo kile kiti cha seneti kilipatikana kwa kuhesabu vichwa vya watu weusi, na aliyekikalia alichaguliwa na wenye mashamba. Enzi za utumwa mtumwa alihesabiwa tatu ya tano ya mtu wakati wa kugawa viti vya bunge la Marekani. Utumwa ulipoisha akahesabiwa mtu mzima na kura akanyang'anywa, bwana wake akafaidika kuliko hata mwanzo. Na lile Rekebisho la 14 la katiba ya Marekani lina kifungu kinachosema jimbo (kule jimbo ni Alabama nzima, sio kiti cha uchaguzi kama huku kwetu) likiwanyima raia kura lipunguziwe wabunge. Halijapunguziwa jimbo lolote mpaka leo.

Naendelea chini, msiruke.

Binti_Mwera

Nipo hapa nafuatilia. Ila kaka naomba uelezee hilo la kuandikishwa, mtu akienda ofisini kabisa na miguu yake na anajua kusoma walikuwa wanamnyimaje?

Kibaraza64

Dada swali zuri. Ofisi ilifunguliwa siku chache tu kwa mwezi. Ukifika unapewa fomu ndefu na maswali ya katiba, anayesahihisha ni karani mzungu. Halafu kuna sharti la kudhaminiwa, lazima mtu aliyeko tayari kwenye daftari aje aseme nakufahamu una tabia njema. Kwenye kaunti ambayo hakuna mweusi hata mmoja kwenye daftari mdhamini wako anatoka wapi? Ni mzungu, na huyo mzungu pengine ndio mwenye shamba unalolima na nyumba unayolala. Stokely Carmichael, kijana wa harakati za haki za weusi aliyefanya kazi pale, aliandika kwamba familia 86 za kizungu zilimiliki asilimia 90 ya ardhi ya Lowndes. Weusi wengi walilima shamba la mtu wakagawana nae mazao, na mbegu na mbolea wamekopa kwake. Ukijiandikisha unafukuzwa, na desemba 1965 familia zilizofukuzwa zilikuwa zinaishi kwenye mahema kando ya barabara kuu namba 80, wakati wa baridi, na wakati mwingine wanarushiwa risasi usiku.

Turudi mahakamani. Walioshtaki sio watu wa Lowndes. Ni wapiga kura wa Birmingham, wazungu, wakiongozwa na M.O. Sims, na wakili wao Charles Morgan wa mji huohuo. Miaka yote ya nyuma mahakama zilikuwa zinasema mipaka ya viti ni mambo ya siasa hatuyagusi. Machi 1962 kesi ya Tennessee inayoitwa Baker dhidi ya Carr ikafungua mlango, nao Tennessee hawakugawa viti tangu 1901. Bunge la Alabama lilipoona maji yamefika shingoni likapendekeza haraka maseneta 67, kila kaunti mmoja, yani vijijini washike palepale. Majaji wakakataa.

Tarehe 15 Juni 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani ikatoa hukumu ya Reynolds dhidi ya Sims, majaji 8 kwa 1. Jaji Mkuu Earl Warren akaandika kwamba wabunge wanawakilisha watu, hawawakilishi miti wala ekari. Mabaraza yote mawili ya kila jimbo la Marekani yagawanywe kwa idadi ya watu. Aliyepinga ni Jaji Harlan, na kule seneti ya Marekani Everett Dirksen alihangaika miaka kubadili katiba ili jimbo liweze kubaki na angalau baraza moja linalofuata maeneo. Alishindwa.

Mzee_wa_Ngalawa

Mwanzisha uzi umetulia. Lakini mbona seneti yao ya taifa kila jimbo wawili wawili, Wyoming wawili California wawili? Na huku kwetu Zanzibar ina majimbo 50 kati ya 272 ya bunge la Muungano wakati sensa ya 2022 ilikuta watu milioni 1.9 hivi kati ya milioni 61.7. Kwa hoja ya huyo Warren hayo yote hayafai au?

Kibaraza64

Mzee wangu shikamoo, Alabama walileta hoja hiyohiyo mahakamani, kwamba sisi tunaiga seneti ya taifa. Warren akajibu kwamba majimbo 13 ya mwanzo yalikuwa na mamlaka yao yakakutana yakapatana, wawili wawili ndio bei ya kuungana. Kaunti haikuwahi kuwa nchi, ni kitengo cha utawala kilichoundwa na jimbo lenyewe, haina cha kupatana. Kwaiyo la Zanzibar ni la mapatano ya nchi mbili na naliweka kundi la wawili wawili, hata kama mtu anaweza kusema mapatano yenyewe yanahitaji kuangaliwa upya. Ila majimbo ndani ya Bara kwa Bara hapo hoja ya Warren inagonga moja kwa moja.

Odhis254

Kenya tuliandika hii kitu kwa katiba ya 2010, kifungu cha 89. Majimbo 290, idadi ya watu inaweza kuzidi ama kupungua wastani kwa asilimia 40 kwa miji na maeneo yenye watu wachache, kwingine asilimia 30. Na bado kelele haiishi, si mnakumbuka enzi za BBI, ile mpango ya kubadilisha katiba, mtu mmoja kura moja shilingi moja. Watu wa North Eastern na Lamu wanasema mkifuata vichwa pekee tutakuwa tunatembea siku nzima kutafuta mbunge. So mimi siko sure huyo Warren yuko right sana, boss.

Kibaraza64

Odhis hoja yako naiheshimu, umbali ni kitu halisi, mbunge mmoja kuzunguka eneo kubwa bila lami ni shida. Lakini nakuomba uiangalie Lowndes kwa jicho hilo. Miaka 60 kijiji kile kilipewa kura nzito mara 41 kwa jina la kulinda watu wa vijijini, na ukitafuta hao watu wa vijijini walipata nini hukuti kitu. Kila mtu anapotetea viti vya vijijini mimi swali langu la kwanza ni nani huko kijijini anayepiga kura na nani ana ardhi.

Halafu ngoja nikupe kitu cha kwenu. Huu msemo wa mtu mmoja kura moja, Agosti 1963 kwenye maandamano makubwa ya Washington John Lewis wa SNCC alisema ni kilio cha Afrika na ni chetu pia. SNCC ndio ile kamati ya vijana waliokuwa wanaandikisha wapiga kura vijijini kusini. Desemba ya mwaka huohuo, Kenya haijamaliza hata wiki mbili za uhuru, Oginga Odinga akapita Atlanta na vijana wa SNCC wakaenda kuonana nae hotelini. Walipotoka pale wakaingia mgahawa wa jirani wakanyimwa huduma kwa rangi yao wakakamatwa. Waziri wa nchi ya kiafrika kalala kwenye hoteli nzuri palepale, na wao raia wa nchi ile hawapewi kahawa.

Kibaraza64

Naendelea sehemu ambayo naipenda kuliko zote. Machi 1965 yale maandamano ya Selma kwenda Montgomery, njia karibu yote ya katikati ni Lowndes. Barabara ilipofika Lowndes ilikuwa inabana inakuwa ya magari mawili tu, na jaji aliruhusu watu wasiozidi 300 kwenye kipande hicho. Kamera zinafuata wakubwa mbele, Carmichael na wenzake wanashuka kando wanachukua majina ya wenyeji waliojitokeza kuangalia, wanajua kesho wageni wataondoka na hao ndio watabaki. Usiku wa tarehe 25 Viola Liuzzo, mama wa watoto watano kutoka Detroit aliyekuwa anasafirisha waandamanaji na gari lake, aliuawa kwa risasi na kundi la wazungu wabaguzi la Ku Klux Klan kwenye barabara hiyo ndani ya Lowndes. Agosti 20 mwanafunzi wa uchungaji Jonathan Daniels akauawa mchana kweupe mlangoni kwa duka pale Hayneville, makao ya kaunti, baada ya kumsukuma pembeni binti wa miaka 17 Ruby Sales risasi ikampata yeye. Aliyeua, Tom Coleman, alishtakiwa palepale na wazee wa baraza 12 (jury, kule ndio wanaoamua hatia) wote wazungu wanaume wakamwachia huru.

Kwenye hilo la wazee wa baraza wenyeji hawakunyamaza. Gardenia White wa Lowndes na wenzake wakafungua kesi kwamba weusi wanaachwa kwenye orodha ya wazee wa baraza na wanawake wanakatazwa kisheria, na 1966 wakashinda yote mawili. Wakili wao mmojawapo nani? Charles Morgan yuleyule wa Reynolds. Huyu siku moja baada ya kanisa la Birmingham kulipuliwa Septemba 1963 na mabinti wanne kufa alisimama mbele ya klabu ya wafanyabiashara wazungu akasema sisi sote ndio tumefanya hili, ikabidi ahame mji.

Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ilisainiwa Agosti 6 1965, serikali kuu ikaleta waandikishaji wake, majina yakaanza kuingia kwa mamia. Kiongozi wa wenyeji alikuwa John Hulett, mtoto wa Lowndes aliyewahi kufanya kazi Birmingham akarudi nyumbani, yeye alikuwa miongoni mwa weusi wawili wa kwanza kuandikishwa mwezi Machi kabla hata ya sheria. Sasa wamepata kura, wampigie nani? Nembo ya chama cha Democratic Alabama ilikuwa jogoo mweupe na juu yake maandishi ya kusifu ukuu wa wazungu. Na ili wasigombee kwenye mchujo wa chama, ada ya kuchukua fomu ikapandishwa kutoka dola 50 mpaka 500.

Wakaunda chama chao cha kaunti, Lowndes County Freedom Organization. Sheria ya Alabama ilidai kila chama kiwe na nembo maana wengi hawajui kusoma, wakafikiria njiwa wakaona hapana, wakachukua chui mweusi kutoka kwa mnyama wa timu ya chuo cha Clark cha Atlanta. Chui huyo ndio Huey Newton na Bobby Seale walimchukua Oktoba 1966 walipoanzisha chama cha Black Panther kule Oakland California. Watu wengi wanajua Black Panther wa Oakland na bunduki na koti la ngozi, hawajui kwamba alianza kama picha ya kwenye karatasi ya kura ya wakulima.

Na wale vijana wa SNCC walichapisha vijitabu vya michoro, kila cheo kina kijitabu chake. Sherifu kazi yake hii, hana ruhusa ya kufanya hivi. Mkadiriaji wa kodi anaamua shamba la nani litozwe kiasi gani. Bodi ya shule inaamua pesa ziende shule ipi. Mtu aliyefanya kazi kwenye pamba tangu utoto anafungua picha anakuta yule mtu aliyemuogopa maisha yake yote ni mfanyakazi wake kisheria. Hapa mimi naona ndio uwakilishi unapoanzia, mtu kujua cheo ni kazi na kazi ina mipaka.

Binti_Mwera

Aisee elimu ya uraia ya vitendo hiyo. Hivi hao vijana wa SNCC si kuna waliokuja Tanzania baadae?

Kibaraza64

Ndio dada. Courtland Cox, ambae alikuwa kwenye kazi ya Lowndes na wazo la vijitabu na nembo amehusika moja kwa moja, ndie alikuwa katibu mkuu wa Kongamano la Sita la Pan-Afrika lililofanyika Dar es Salaam Juni 1974. Bob Moses, wa SNCC kule Mississippi, alifundisha hesabu Same Kilimanjaro kwa miaka mpaka katikati ya sabini. Carmichael mwenyewe alifika Dar 1967, baadae akahamia Guinea akajiita Kwame Ture, alifariki Conakry 1998.

Odhis254

Sasa hiyo election iliendaje?

Kibaraza64

Mei 3 1966 walifanya mkutano wa uteuzi uwanjani kwa kanisa la Hayneville, wakasimamisha wagombea 7: sherifu, mchunguzi wa vifo, mkadiriaji wa kodi, mkusanya kodi na watatu wa bodi ya shule. Novemba wenye mashamba wakapakia wakulima wao kwenye malori wakawapeleka vituoni na maelekezo. Wote 7 walishindwa. Lakini 1970 John Hulett akashinda usherifu wa Lowndes na akakaa kwenye cheo kile miaka zaidi ya 20. Kwenye kaunti waliyoiita Lowndes ya Damu.

Turudi kwenye kile kiti cha seneti sasa maana ndio mada. Wakati weusi wa Lowndes wanapata kura, kiti cha peke yao kimeshaondoka na hukumu ya 1964. Kaunti imeunganishwa na nyingine. Mimi bado naiunga mkono hukumu ile, kile kiti hakikuwa chao hata siku moja, ila nawaelewa wazee wa kule wakisema tulipofika mezani meza ilikuwa imesogezwa. Kugawa kwa idadi peke yake hakukutosha. Viti vingi vilipangwa kwa kuchagua wabunge kadhaa kwa pamoja kwenye eneo kubwa, weusi wanamezwa. Weusi wa kwanza kwenye bunge la Alabama tangu miaka ya baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe waliingia 1970, Fred Gray wakili wa Rosa Parks na Thomas Reed, kutoka upande wa Tuskegee. 1972 mahakama ikaamuru kila eneo dogo lichague mbunge wake mmoja, na uchaguzi wa 1974 wakaingia weusi 15 kwa mpigo, 13 wawakilishi na maseneta wawili. Maseneta wote wawili wa Birmingham. Vijijini walisubiri mpaka 1983, Hank Sanders wa Selma, seneta mweusi wa kwanza kutoka Alabama ya vijijini, kiti namba 23, ambacho leo ndio chenye Lowndes. Alikaa mpaka 2018 akafuatiwa na binti yake Malika Sanders-Fortier, na 2022 Robert Stewart.

Mzee_wa_Ngalawa

Na leo hii hao Lowndes wana hali gani, huyo seneta anawasaidia?

Kibaraza64

Mzee, sensa ya 2020 iliwahesabu 10,311. Mwaka 1900 walikuwa 35,651. Kiti kimoja cha seneti leo kina watu kama 143,000, maana yake Lowndes ni kipande kidogo sana cha kiti, na seneta anatakiwa kuzunguka kaunti nyingi zenye shida zilezile. Chama chake, Democratic, kilipata maseneta 8 kati ya 35 uchaguzi wa 2022. Republican walishika bunge lote 2010 na tangu hapo wao ndio wanachora mipaka, na 2015 Mahakama ya Juu iliwarudishia michoro kwamba waangalie upya walivyorundika weusi kwenye viti vichache. Halafu 2013 kesi ya Shelby, nayo ni ya Alabama, iliondoa ule utaratibu wa kuomba kibali serikali kuu kabla ya kubadili sheria za uchaguzi.

Kitu kimoja tu nitaje cha sasa. Udongo wa ukanda ule ni mfinyanzi mzito mweusi, ndio uliofanya pamba istawi, lakini haunywi maji. Shimo la choo la kawaida halifanyi kazi, linalofanya kazi gharama yake ni kubwa kuliko kipato cha mtu, kwaiyo nyumba nyingi zina bomba linalotoka chooni moja kwa moja mpaka nyuma ya nyumba, maji machafu yanasimama pale watoto wanapocheza. Na miaka mingi jibu la serikali lilikuwa kuwatishia faini na kesi. Catherine Coleman Flowers aliyekulia Lowndes alilisema hili mpaka desemba 2017 mjumbe wa Umoja wa Mataifa wa umaskini, Philip Alston, akafika kuangalia. Mei 2023 Wizara ya Sheria ya Marekani ikafanya makubaliano na idara ya afya ya Alabama waache kuwaadhibu watu na waweke mifumo. Aprili 2025 serikali ya Trump ikavunja makubaliano.

Mimi naamini kabisa kama zile kura mara 41 zingekuwa mikononi mwa wenye nyumba zile, mabomba na mashimo yangejengwa kabla ya 1960. Waliokuwa nazo walitumia miaka 60 kuzuia kodi ya ardhi isipande, na kodi ya ardhi ya Alabama mpaka leo ni kati ya zile za chini kabisa Marekani nzima, ndio maana kaunti haina pesa ya mtaro.

Odhis, kile kifungu cha 89 ulichokitaja nitakisoma pamoja na ramani ya Lamu nikiweke kwenye uzi wake, huku tusichanganye. Aliye na michoro ya kiti namba 23 ya 2012 na 2017 aiweke hapa, nataka tulinganishe walivyoikata kaunti kwa kaunti.